Yeter na Okidi za Makaburini

Baba yake alikuwa na mabinti wanne. Wa tano alipozaliwa akamwita Yeter, yaani Yatosha, kwa sababu kwetu mtu akichoka kupata wasichana humpa wa mwisho jina hilo ili Mungu aelewe ombi. Mungu alielewa alivyotaka mwenyewe, akamletea wa sita. Yeter akabaki na jina lake, na hakuna aliyewahi kumwona mtu akibeba jina la kukataliwa kwa shingo iliyonyooka namna ile.

Alipoolewa katika nyumba ya kina Durali, hapa hapa kijijini Ardıçlı, aliikuta desturi ya mabibi harusi kunyamaza. Bibi harusi hasemi mbele ya wakwe mpaka aruhusiwe, na wapo waliokaa hivyo miaka, wakiomba chumvi kwa vidole. Yeter alinyamaza tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Adhuhuri mama mkwe alikuwa amebandika maziwa ya kuchemshia viazi vya salepu, akapitiwa na mazungumzo.

"Mama, maziwa yanaungua," Yeter akasema. "Na msiponiruhusu kusema, yataungua vilevile."

Baba mkwe alicheka mpaka akakohoa. Bwana harusi alitazama chini. Durali, mdogo wa bwana harusi, wakati ule kijana wa masharubu ya kuhesabika, ndiye aliyembandika jina la shemeji Mdomo. Jina hilo lilidumu kuliko ndoa yenyewe, maana mume alifariki mapema, Mdomo akabaki.

Lakini kwenye salepu hata Durali alimheshimu. Salepu ni unga wa viazi vya okidi za mlimani. Kinywaji chake cha moto, chenye mdalasini juu, ndicho kinachotuvusha majira ya theluji, na huko mjini hawawezi kutengeneza aiskrimu ya kuvutika bila unga huo. Okidi ikichanua mwezi wa tano, chini yake utakuta viazi viwili vilivyoshikana: kimoja kimeanza kusinyaa na kufanya weusi, kingine kimejaa, cheupe, kigumu. Kilichosinyaa tunakiita mama. Kilichojaa tunakiita mwana.

Kezban, mama mzazi wa Yeter, alimfundisha hivi: piga bismillahi, chimba taratibu, mchukue mwana, mrudishe mama ardhini, mfukie, kisha weka kokoto nyeupe juu yake ili mchimbaji mwingine ajue kwamba hapa mama amepumzishwa, asisumbuliwe tena. Na mteremko uliochimbwa mwaka huu uachwe miaka kadhaa, mwakani watu waende mwingine. Kijiji kizima kiliringia desturi hiyo. Wa bondeni wanang'oa viwili vyote kama nguruwe pori, tulisema, sisi tuna imani. Yeter aliwafundisha mabibi harusi wote walioingia Ardıçlı. Aliyesahau kokoto alipigwa kofi la mkono, na si kwa mzaha.

Hata hivyo mlima ulizidi kuwa mtupu. Serikali ilishakataza watu kuchimba wanavyotaka, lakini maafisa wa misitu wako mbali na tumbo liko karibu. Kila mwaka wachimbaji walipanda juu zaidi na kushuka na mifuko myepesi zaidi. Yeter, ambaye hakuwahi kukosa jibu, alikuwa na majibu kwa kila mwaka. Mwaka huu ni mvua. Mwaka huu ni wezi wa bondeni. Mwaka mmoja alimsimamisha Sarı Veli, mfugaji wa kuhamahama, mbele ya watu wote akamwambia mbuzi wake wameula mlima mpaka mizizi. Vijana wakamfukuza Veli kwa mawe. Hakurudi tena kwenye malisho yetu, na okidi nazo hazikurudi.

Mahali pekee zilipobaki nyingi ni makaburini. Makaburi yetu yako juu ya kijiji, yamezungushiwa ukuta wa mawe, mbuzi hawaingii, jembe haliingii, nyasi huachwa zikue zitakavyo. Mwezi wa tano kuna okidi kila mahali humo: za zambarau, za waridi, zenye ua kama nyuki aliyetua, zenye ua kama mtu mdogo aliyening'inizwa kwa shingo. Kuchimba pale ilikuwa haramu, na hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Mwezi wa tano wa mwaka mmoja akaja Berrin, mwalimu wa chuo kikuu, amevaa buti za mvua siku ya jua kali.

"Mwalimu," Yeter akamwuliza kabla hata ya salamu kwisha, "mafuriko umeyaacha wapi?"

"Nimeambiwa mna nyoka, mama mdogo."

"Tunao. Mmoja ndiye mwenyekiti wa kijiji. Karibu ndani."

Mwenyekiti wakati huo alikuwa Durali, masharubu yake sasa ni mazito na yana mvi.

Berrin alikaa kwa Yeter muda wote wa maua. Kazi yake ilikuwa ya ajabu: hakuchimba. Alikata kipande cha jani kama ukucha, akakitia kwenye kifuko chenye chembe za kukausha unyevu, akaandika namba, akasonga. Alifanya hivyo mlimani, akafanya hivyo makaburini kwa ruhusa ya imamu. Kisha akaomba viazi vikavu, kimoja kimoja, kutoka kwenye mitungo iliyoning'inia kwenye kuta za nyumba. Yeter alimfuata akibeba chupa ya chai na maswali.

"Sasa jani hili litakwambia nini ambalo ua halikwambii?"

"Ua litaniambia, likiwepo. Lakini hiki?" Berrin akanyanyua kiazi kikavu. "Hiki kilikuwa cha ua gani?"

Yeter akakigeuza. Kiazi kikishachemshwa na kukaushwa ni kama jino la mzee, vyote ni sawa. "Sijui," akasema, na kwa Yeter neno hilo lilikuwa geni.

"Ukienda dukani kununua biskuti," Berrin akasema, "mwenye duka anapitisha ile mistari myeusi kwenye mashine. Mashine haionji, haifungui, lakini inajua ni biskuti gani. Basi ndani ya kila kiumbe kuna maandishi marefu, vinasaba. Mimi nachukua kipande kifupi tu, mahali palepale kwa kila okidi, nakisoma. Kinaniambia huyu ni wa aina gani, na jirani yake ana undugu naye kiasi gani."

"Kwa hiyo unawapa okidi vitambulisho."

"Wanavyo tayari. Mimi navisoma."

"Polisi wa maua," Yeter akasema, akamwongezea chai.

Walipatana. Siku moja kwenye Mteremko wa Nyuki, Yeter akichimba, alimwonyesha desturi yetu yote: bismillahi, mwana mfukoni, mama ardhini, kokoto juu. Berrin alitazama mpaka mwisho. Yeter akangoja sifa. Sifa haikuja.

"Mgeni mwenye adabu angesema mashallah."

"Nataka nione kwanza mwakani," Berrin akajibu, akapiga picha ya kokoto.

Yeter alilikumbuka jibu hilo safari nzima ya kurudi nyumbani, na lilimkera kama punje katikati ya meno.

Majira ya baridi theluji ilianguka nzito kuliko kawaida, paa la msikiti likaporomoka upande mmoja. Hapo ndipo Hulusi, mfanyabiashara wa salepu wa mjini, alipopanda na gari lake kuja kunywa kahawa na wanaume. Hulusi si mtu wa kusema mambo waziwazi. Alisema tu kwamba bei haijawahi kuwa nzuri hivi, na kwamba ni huzuni kuona maua mengi yakioza bure juu ya vichwa vya marehemu huku walio hai wakisali kwenye matope.

Imamu hakupenda, lakini hakuwa na hoja ya kutosha. Wazee waliogopa. Durali akaenda moja kwa moja kwa Yeter, akiwa na mkewe Zehra na sahani ya halua, na sahani ya halua kutoka kwa Durali haikuwa jambo la kila siku.

"Shemeji, nusu ya kijiji hiki umeifundisha wewe kuchimba. Wakichimba kwa desturi yetu, wakamrudisha mama, kuna dhambi gani?"

Angeweza kusema hapana. Lakini ameombwa na Durali, tena kwa upole, tena kuhusu jambo ambalo hakuna anayelijua kuliko yeye, na sifa ni tamu hata kwa wakali. Akakata kipande cha halua.

"Mkichimba kwa bismillahi, mkamchukua mwana mkamrudisha mama, marehemu hawapotezi kitu," akasema. "Mwakani yataota tena. Paa litengenezwe."

Neno likatoka nyumbani kwake kabla ya Durali. Kesho yake kila mtu Ardıçlı alikuwa akisema: Yeter amesema si dhambi. Ikapangwa kwamba Jumamosi ya kwanza baada ya maua kufunguka, watu wote wataingia makaburini pamoja.

Mwezi wa nne Berrin akarudi. Alimkuta Yeter ameketi sakafuni mbele ya ubao wa duara, anasukuma chapati nyembamba za yufka, mikono myeupe kwa unga hadi viwikoni. Yeter alimpa chai, akamwambia aseme huku yeye akifanya kazi.

"Nimesoma majani yote, mama mdogo. Vile viazi vya mitungoni, vingine vimekataa kusomeka kwa sababu mmevichemsha, lakini vingi vimesema. Mlimani mmebaki na aina mbili. Mbili tu. Na hao wenyewe wanafanana kwa ndani kana kwamba wote wametoka tumbo moja. Ukipita ugonjwa mmoja, au kiangazi kimoja kibaya, watakwenda wote pamoja."

"Na makaburini?"

"Makaburini kuna zaidi ya kumi. Na hata wa aina moja hawafanani. Kila mmoja ana damu yake. Ule ukuta wenu umehifadhi mlima mzima ndani yake." Berrin akaweka kikombe chini. "Nimesikia mnataka kuingia na majembe."

"Tutamrudisha mama. Nimekuonyesha."

"Mama harudi."

Kijiti cha kusukumia kikasimama.

"Kile kiazi cha zamani kimeshatoa kila kitu," Berrin akasema. "Kimelilisha ua, kimekilisha kiazi kipya. Kile kipya ndicho mmea wa mwakani. Mnachokirudisha ardhini ni mfuko mtupu. Mmoja mmoja huenda akabahatika. Wengine wanaoza. Na mbegu hazijapata nafasi, kwa sababu mnachimba mmea ukiwa bado una ua."

"Mama yangu alifanya hivi. Na mama yake. Wote walikuwa wajinga, ila wewe na buti zako?"

"Sikusema wajinga. Wao walichimba kidogo, kwa kikohozi cha watoto na kwa mzazi aliyejifungua. Mlima uliwavumilia. Haukujua kwamba atakuja Hulusi."

"Maliza chai yako uende," Yeter akasema.

Kwetu mgeni hafukuzwi kabla hajamaliza chai. Berrin, kwa busara au kwa woga, akainywa ile chai taratibu mno, na Yeter akasukuma yufka nyembamba kiasi cha kuona ubao upande wa pili. Mwalimu alipoondoka, Yeter alitupa chapati tatu zilizochanika, akasema peke yake maneno ambayo hayafai kuandikwa.

Asubuhi akapanda Mteremko wa Nyuki. Hakwenda kutafuta ukweli. Alikwenda kutafuta majani ya kumtupia yule binti usoni.

Kokoto zilikuwepo zote. Mvua ilikuwa imezisafisha, zimemetameta mteremko mzima, mamia kwa mamia, kila moja mahali alipoiweka kwa mkono wake mwaka uliopita. Majira yale okidi zilipaswa kuwa zimetoa majani, na kule ndani ya ukuta wa makaburi zilikuwa zimetoa. Hapa palikuwa na kokoto tu. Akapiga magoti, akaondoa moja, akachimba kwa vidole. Akakuta ganda jeusi, laini, linalobonyea. Akaondoa ya pili. Ganda. Akaendelea mpaka kucha zikamwuma, na katika zote alikuta jani moja, dogo, limeegemea upande.

Yeter aliketi pale chini. Aliona aibu, aibu ya kweli, na kwa kuwa hakuizoea, haraka aliigeuza hasira: kwa Berrin, kwa mama yake Kezban, kwa Hulusi. Lakini mkono ulioweka kokoto zile ulikuwa wake. Miaka yote wakirudi kwenye mteremko uliopumzishwa wanakuta hauna kitu, alikuwa na mtu wa kulaumu. Akamkumbuka Sarı Veli akikusanya mbuzi wake huku damu inamchuruzika sikioni. Alilia, ndiyo, na atakayemwambia kwamba alilia ajiandae.

Kisha akashuka mpaka nyumbani kwa Durali bila kunawa mikono.

"Narudisha neno langu," akasema mlangoni. "Makaburi yasiguswe."

Durali alimsikiliza mpaka mwisho, tena kwa uvumilivu. "Shemeji, paa liko wazi. Hulusi ameshapewa ahadi. Watu wameshanoa majembe kwa kauli yako wewe. Neno si kiazi, ukishalitoa hulirudishi ardhini."

"Hata kiazi hakirudi, Durali. Ndicho ninachokwambia."

"Yule mwalimu amekulisha nini?"

"Yeye ndiye amekula, chapati zangu. Nimekwenda mwenyewe nikaona."

"Basi umeona peke yako," Durali akasema, akafunga mlango taratibu, kama mtu anayemfungia mgonjwa.

Alikwenda nyumba kwa nyumba. Wanawake aliowafundisha walimsikiliza wakiendelea kupepeta ngano. Wapo waliomwonea huruma, na huruma ilimuuma kuliko matusi. Mmoja alimwambia uzee kwa wengine huanza magotini, kwa wengine kichwani. Hakuna aliyekubali kupanda naye mteremkoni kuangalia, na sababu ni rahisi: kila mmoja alikuwa na mteremko wake mwenyewe wenye kokoto.

Jumamosi ile kijiji kilipanda baada ya chai. Wanaume, wanawake, mifuko begani, majembe madogo mkononi, na gari la Hulusi likiunguruma nyuma yao. Walimkuta Yeter amekaa katikati ya lango la makaburi kwenye kigoda chake, jembe lake limelala magotini. Nyuma yake, ndani, kila kitu kilikuwa kimechanua.

"Shemeji, sogea," Durali akasema.

"Sisogei."

"Wewe mwenyewe ulisema si dhambi," mtu akasema nyuma. "Tulikusikia."

"Nilisema. Nilikosea. Nimewadanganya miaka arobaini bila kujua, na mama yangu alinidanganya mimi bila kujua. Sasa najua, na ninyi mnajua, kwa hiyo kuanzia leo anayechimba anachimba kwa macho makavu. Mlima hawakuumaliza mbuzi. Tuliumaliza sisi. Mimi nikiwa mbele."

"Paa utalijenga kwa maua?" akauliza muuza mbao mmoja, watu wakacheka.

"Ndama wangu mwekundu yuko kwa imamu tangu alfajiri. Wewe umepeleka nini?"

Kicheko kikapungua. Imamu, aliyekuwa amesimama pembeni, akaitikia kwa kichwa kwamba ndama yupo. Kila mtu alijua Yeter hakuwa na mwingine.

Hulusi akashusha kioo cha gari. "Mama, jua linapanda. Hawa ni watu wazima, wamekubaliana."

"Wewe kaa humo humo," Yeter akasema bila kumgeukia. "Hapa hakuna mtu wako aliyelala."

Durali akavuta pumzi. Yeye si mtu mbaya, na ni haki kusema hivyo. Alikuwa ameahidi kijiji paa, alikuwa ameahidi mbele ya watu, na sasa mke wa marehemu kaka yake amemzibia lango kwa kigoda. Akapiga hatua, akaweka mguu juu ya kizingiti, karibu kumgusa.

"Nitapita, Yeter."

Hakuwahi kumwita jina lake tupu. Yeter akasimama. Watu walidhani atampiga na jembe, na Zehra mkewe Durali akashika mkono wa jirani yake. Lakini Yeter alisogea kando kidogo, akalielekeza jembe kwenye kaburi la pili kutoka langoni, kaburi la Kezban, ambalo lilikuwa la zambarau kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Pita. Ila anza pale. Yule ndiye aliyetufundisha sote. Chimba mpaka umfikie. Mtoe mama yangu. Kisha umrudishe ardhini vizuri, kwa bismillahi, na kokoto nyeupe uweke juu. Mwakani tukutane wote hapa tuone kama ataota."

Gari la Hulusi tu ndilo lililokuwa likiunguruma, kisha hata yeye akalizima. Durali alibaki na mguu wake kizingitini, anatazama maua yale. Alikuwa amelibeba jeneza la Kezban mwenyewe, begani, upande wa kulia.

Wa kwanza kuondoka alikuwa Zehra. "Nimeacha unga kwenye sufuria," akasema, akatia jembe mfukoni. Mwingine akakumbuka ng'ombe. Mwingine akasema mgongo. Hakuna aliyemwambia Yeter kwamba yuko sahihi. Walikwenda wakinung'unika na kumtukana kwa sauti ya kusikika, na yule muuza mbao alipiga teke ukuta wa makaburi akaumia kidole. Durali aliondoka wa mwisho, akatoa mguu wake kizingitini kana kwamba umenasa kwenye tope.

Msidhani kijiji kilimshukuru. Fedha za ndama ziliezeka upande mmoja tu wa shimo la paa, na Ijumaa za mvua watu walisali wakidondokewa maji shingoni, kila tone likiwa na jina la Yeter. Kwa misimu miwili hakualikwa harusini. Hulusi alihamia kijiji kingine, akawaambia wa huko kwamba Ardıçlı wana mwanamke mwenye mapepo. Wachimbaji wachache waliendelea kupanda mlimani kwa siri, wakarudi na mifuko ya kuaibisha, mpaka wakachoka wenyewe. Yeter hakuchimba tena. Akija mgeni wakati wa theluji akiomba salepu ya moto, humpikia unga wa mahindi kwenye maziwa, hunyunyiza mdalasini, na humwambia wazi kabla hajaonja: huu ni unga wa mahindi, ukitaka kuniita mwongo niite kwa jambo jingine.

Alipeleka ujumbe kwa Sarı Veli akimwomba radhi. Veli alijibu kwamba radhi amempa, lakini mbuzi hawaleti. Yeter akasema ni haki yake.

Berrin huja kila mwaka. Hawakuwahi kuombana msamaha, ila chai hutiwa bila kuulizwa. Yeye hukata vipande vyake vya majani, na siku hizi huvikata hata nje ya ukuta, upande wa chini, ambako upepo hupeleka mbegu zilizo laini kama vumbi. Hajasema bado ameona nini. Yeter naye hamharakishi.

Na kila mwezi wa tano, tangu ua la kwanza mpaka mbegu zipeperuke, Yeter huketi langoni kwenye kigoda, jembe magotini, mvua au jua. Amezeeka. Magoti yamevimba. Mwaka jana Durali alipanda peke yake kwa fimbo, si mwenyekiti tena, kifua kinamsumbua, akasimama mbele yake akihema.

"Shemeji Mdomo. Hivi utakaa hapa mpaka lini?"

"Mpaka nife."

"Na ukishakufa?"

"Nitahamia ndani. Si mbali."

Durali akacheka, kicheko kikageuka kikohozi kirefu, akalazimika kushika ukuta mpaka kipite. Yeter alimtazama, kisha akamsogezea kigoda, yeye akakaa juu ya jiwe.

"Kaa," akamwambia. "Na ukinitangulia, usiwe na hofu. Hakuna atakayekuchimba."